Mzee akizidiwa usiku kwenye makazi ya wazee, nani hasa anapaswa kufanya nini?

Habari ya mzee aliyefia kwenye makazi ya kulelea wazee ikipita kwenye simu zetu, swali linalofuata huwa ni lile lile: "Daktari alikuwa wapi?" Hapa Mwanza utalisikia kwenye daladala za Buhongwa, utalisikia Mwaloni Kirumba kati ya magunia ya dagaa, na likirushwa kwenye kundi la familia linaweza kuzua ugomvi wa wiki nzima. Wanaouliza wana haki ya kuwa na hasira. Tatizo ni kwamba kwenye makazi ya wazee daktari kwa kawaida hayupo na hakupangiwa kuwepo. Maswali yenye uzito ni mengine: nani alikuwa zamu, alifundishwa nini, na dakika kumi za mwanzo alizitumiaje?

Tuweke kwanza maneno sawa. Makazi ya wazee ni nyumbani kwa watu. Mtu mwenye miaka 60 au zaidi, ambao ndio umri Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaoutambua, akiwa hana ndugu wa kumtunza au ametelekezwa, hupewa pale kitanda, chakula, mavazi na watu wa kumwangalia. Kwa mkoa wa Mwanza yanayojulikana zaidi ni makazi ya serikali ya Bukumbi, wilayani Misungwi, na mkoa jirani wa Shinyanga una Kolandoto. Mengine huendeshwa na mashirika ya dini au watu binafsi.

Hospitali ni kitu kingine, na hata wizara ni tofauti. Tangu Januari 2022 masuala ya wazee yako Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na matibabu yakabaki Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zinaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI. Ndiyo maana msimamizi wa makazi mara nyingi ni afisa ustawi wa jamii, na wanaokesha na wazee ni walezi ambao kazi yao ya kila siku ni kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka na kumgeuza asiyeweza kujigeuza. Baadhi ya makazi yana muuguzi au tabibu anayefika mchana. Usiku, mara nyingi, ni mlezi mmoja au wawili na mlinzi getini.

Dharura, kwa maana ya makala hii, ni hali ya ghafla ambayo kuicheleweshea huduma kwa dakika au saa chache kunaweza kumuua mtu au kumwachia ulemavu. Huduma ya kwanza ni yale anayofanya mtu aliye karibu kabla mtaalamu hajafika. Rufaa ni kumpeleka mgonjwa ngazi ya juu zaidi: kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa kama Sekou Toure, na mwisho hospitali ya kanda ambayo kwa Kanda ya Ziwa ni Bugando.

Wavuvi wetu wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Mtumbwi ukipasuka ubao usiku katikati ya ziwa, kuna boti ya uokoaji nchi kavu na kuna kopo ndani ya mtumbwi. Boti inahitajika, lakini itaukuta mtumbwi bado unaelea ikiwa tu waliomo walichota maji na kuyamwaga nje tangu dakika ya kwanza. Mlezi wa zamu ndiye mwenye kopo.

Bibi mwenye kisukari, saa nane usiku

Hebu tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Bibi wa miaka 78 mwenye kisukari, kwenye makazi yoyote ya ukanda huu. Jioni hakuwa na hamu ya kula. Alimega ugali mara mbili akasukuma sahani. Dawa zake alimeza kama kawaida, kwa sababu mhudumu wa jioni aliambiwa jambo moja tu kuhusu dawa, kwamba zisirukwe. Mojawapo ni glibenclamide, kidonge cha bei nafuu kilichotumika miaka mingi hapa nchini, ambacho hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu. Saa nane usiku bibi analowa jasho hadi shuka linashika mwili. Mikono inatetemeka. Anamwita mlezi kwa jina la mwanawe aliyefariki zamani, kisha anamfukuza chumbani.

Mlezi ambaye hakufundishwa ana maelezo mengi karibu naye. Uzee. Ndoto mbaya. Mapepo. Atamfunika, atamwombea, atasubiri kukuche ili msimamizi aje aamue. Kufikia alfajiri bibi hajibu tena, na kila anayemwona atasema alikata kauli ghafla, ingawa mwili wake ulikuwa ukitoa taarifa kwa saa nne.

Mlezi aliyefundishwa hahitaji kuwa daktari. Anamwita bibi kwa sauti na kumgusa bega: anaitika. Anatazama kifua: anapumua. Anachukua kipimo cha sukari, anatoboa pembeni mwa kidole, na mashine inaonyesha 2.4 (kwa kipimo cha mmol/L). Chini ya 4 kwa mtu anayetumia dawa za kisukari ni sukari iliyoshuka. Chini ya 3 ni hatari kubwa. Kwa kuwa bibi anaitika na anaweza kumeza, anampa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji kidogo, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 anapima tena. Ikiwa bado chini ya 4, anarudia. Ikipanda, anampa uji au mkate ili isishuke upya.

Baada ya nusu saa bibi anaongea vizuri, anaomba radhi kwa kumfukuza mlezi, anataka kulala. Hapo ndipo wengi tunateleza. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, zaidi kwa mzee ambaye figo zake zimechoka, na inaweza kuishusha sukari tena baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo hata akipata nafuu, bibi anapaswa kufikishwa hospitali, apimwe kila baada ya muda, na dawa yake iangaliwe upya. Mlezi anayelijua hili anaanza kutafuta gari wakati bibi bado anamalizia uji.

Kama bibi haitiki au hawezi kumeza, kila kitu kinabadilika. Hakuna kumminia chai, soda wala maji mdomoni. Watu wengi hufanya hivyo kwa upendo kabisa, na kinywaji huishia kwenye mapafu. Alazwe ubavu, kidevu kikiinuliwa ili njia ya hewa iwe wazi, na akimbizwe kwenye kituo ambako atawekewa maji ya sukari kwenye mshipa. Na ikiwa mashine haipo au vijiti vimeisha, lakini ni mgonjwa wa kisukari mwenye dalili hizo na anameza, apewe sukari tu. Kama kumbe sukari yake ilikuwa juu, kijiko kile hakitamdhuru sana. Kama ilikuwa chini, kumnyima kunaweza kumuua.

Nimeukawiza mfano huu kwa sababu ndani yake kuna kila kitu: kutambua, kutenda, kutotenda lisilofaa, na kutoridhika mapema. Na hakuna hatua hata moja iliyohitaji shahada.

Dharura zinazokuja polepole

Tukisikia neno dharura tunawaza mtu aliyeanguka na kuzimia. Kwa wazee, nyingi huja kwa kunyata. Maambukizi makali, ya mapafu au ya mkojo kwa mfano, humpa kijana homa ya kutetemesha kitanda. Mzee anaweza asipate homa kabisa. Anachoonyesha ni kwamba tangu jana hali chakula, amekuwa mzito wa kuamka, amejikojolea wakati hakuwa na kawaida hiyo, au ameanza kuongea vitu visivyoeleweka. Malaria nayo inaweza kujificha hivyo hivyo, na ukanda huu wa ziwa una malaria nyingi. Upungufu wa maji mwilini pia, hasa kiangazi, kwa kuwa mzee hasikii kiu kama zamani.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla si uzee. Kusahau kwa uzee huja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa akipiga hadithi juzi na leo hajui yuko wapi ni mgonjwa, na atafutiwe sababu siku hiyo hiyo.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Usukumani tunajua historia ya bibi zetu walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka hamsini. Wapo waliouawa. Wapo waliokimbia na kuishia kwenye makazi ya wazee. Walezi wanatoka kwenye jamii hii hii, wamekua wakisikia maneno hayo hayo. Bibi akianza kuzungumza na dada yake aliyekufa, wazo la kwanza kichwani mwa mlezi linaweza lisiwe mkojo wenye maambukizi. Kwa hiyo mafunzo yanapaswa kulitaja jambo hili wazi, bila kumwaibisha mtu, na kumpa mlezi kitu cha kufanya badala yake: pima joto, pima sukari, pima malaria kama vipimo vipo, hesabu pumzi.

Kuhesabu pumzi hakuna gharama. Tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu, bila kumwambia mzee unachofanya. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ikifika 25, piga simu usisubiri. Uingereza, ambako nyumba za kulea wazee ni nyingi, baadhi ya walezi hutumia mfumo wa alama uitwao NEWS2, uliotolewa mwaka 2017, unaojumlisha pumzi, hewa ya oksijeni, presha, mapigo, joto na kama mtu yuko macho. Siyo lazima tuunakili wote. Lakini wazo lililo chini yake linatufaa: mlezi asiseme "namwona kama hayuko sawa" peke yake, awe na namba mkononi, maana namba husikilizwa haraka zaidi upande wa pili wa simu.

Uso, mkono, maneno, kifua

Kiharusi huku bado kinaitwa upepo na watu wengi, na mgonjwa hupelekwa kwanza kwa mganga. Mlezi amwambie mzee acheke: je, upande mmoja wa uso umelegea? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Aseme sentensi fupi: je, maneno yanavurugika? Jambo moja kati ya hayo likitokea ghafla, ni dharura. Kisha aandike saa ambayo mzee alionekana mzima mara ya mwisho. Saa hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na si kabla ya picha ya CT-scan.

Kuna kosa linaloenea siku hizi kupitia ujumbe wa simu: mpe aspirini haraka. Usimpe. Viharusi vingine ni vya mshipa kuziba, vingine ni vya mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo, na kwa macho hakuna anayeweza kuvitofautisha. Aspirini kwa mwenye damu inayovuja huongeza uvujaji. Asipewe pia chakula wala maji hadi ijulikane kama bado anameza salama.

Kukabwa na chakula ni dharura ya meza. Wazee wengi hawana meno, na waliowahi kupata kiharusi koo zao hazifanyi kazi vizuri. Anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe, ahimizwe. Asiyeweza kukohoa wala kutoa sauti, anayeshika koo na kuanza kubadilika rangi midomoni, ainamishwe mbele apigwe kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Kisha simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta kwa ndani na juu mara tano. Rudia hadi kitoke. Ikiwa ni mwiba wa samaki umekwama lakini mzee anapumua na kuongea, ile desturi ya kummezesha tonge kubwa la ugali iachwe. Tonge linaweza kuuzamisha mwiba zaidi. Aende hospitali.

Akianguka bafuni, kwenye sakafu ya saruji yenye maji, usikimbilie kumnyanyua. Zungumza naye kwanza. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje, yaelekea nyonga imevunjika, na kumsimamisha ni kumuumiza zaidi. Kama aligonga kichwa, afuatiliwe kwa siku na hata wiki kadhaa, kwani damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikaja wakati kila mtu ameshasahau.

Kwa kifafa: hakuna kijiko mdomoni, hakuna kitunguu puani, hakuna kumkandamiza. Ondoa vitu vya kumuumiza, mgeuze ubavu degedege likipungua, tazama saa. Likizidi dakika tano, piga simu. Povu haliambukizi.

Na moyo ukisimama, yaani mtu haitiki na hapumui au anatweta tu kama samaki aliyetolewa majini, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache, nne hivi. Mshushe kutoka kwenye godoro hadi sakafuni kwa sababu godoro hunywa nguvu yote. Kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, bonyeza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, uache kifua kirudi juu kila mara. Nasema ukweli hapa: kwa mzee dhaifu mwenye magonjwa mengi, mara nyingi hatarudi hata kila kitu kikifanywa sawasawa, na mbavu zinaweza kuvunjika. Mlezi aliyefanya hivyo na mzee akafa hajakosea. Ndiyo sababu pia mzee mwenyewe aulizwe mapema, akiwa na akili zake timamu, pamoja na ndugu kama wapo, angependa nini siku hiyo ikifika, na jibu lake lijulikane kwa wanaomtunza na wanaomtibu. Wazee wengi huzungumzia kifo kwa utulivu kuliko sisi tunaowaogopea.

Namba ipi ipigwe?

Hapa ndipo upotoshaji ni mwingi kuliko kote. Namba 115 inafahamika sana Mwanza, na si ajabu, kwani mfumo wa m-mama ulijaribiwa mapema Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchi nzima kuanzia 2022. Unapiga bure, mhudumu anauliza dalili, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye analipwa na mfumo. Ni mpango mzuri sana. Lakini ulijengwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mzee wa kiharusi hakuwa kwenye hesabu hiyo, na makazi yasiweke matumaini yao yote pale. Namba 112 ni ya polisi, 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: magari mengi ya wagonjwa nchini kazi yake kubwa ni kuhamisha mgonjwa kutoka kituo kimoja cha afya kwenda kingine. Hayazunguki mitaani yakisubiri simu. Kwa hiyo mara nyingi njia ya haraka ni kumfikisha mzee kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ahudumiwe pale, na rufaa ianzie hapo.

Na usafiri wenyewe? Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea wa ng'ambo ya Sengerema ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikila saa za wagonjwa. Ukerewe bado ni maji: kutoka Nansio hadi Mwanza kwa meli ni kama saa tatu, na meli ina ratiba. Makazi au familia inayotunza mzee kisiwani inapaswa kuamua mapema zaidi, wakati mzee wa Nyegezi, mjini Mwanza, bado angeweza kusubiriwa kidogo. Hata mjini kuna vilima vya mawe, Mabatini, Igogo, Bugarika, ambako gari haliwezi kufika mlangoni na mgonjwa hushushwa kwa mikono hadi barabarani. Blanketi gumu na watu wanne waliowahi kufanya mazoezi wanashinda machela isiyo na mtu anayeijua.

Bodaboda nayo, tuseme bila kuzunguka. Mzee asiyeitika akiwekwa mshikaki, katikati ya dereva na mlezi, kichwa huangukia kifuani na njia ya hewa hufunga. Wapo waliofika hospitali wameshakata roho, na barabara ikalaumiwa. Kama hakuna kingine kabisa, bajaji ambayo anaweza kulazwa ubavu ni afadhali. Ndiyo maana makazi yanapaswa kuwa na makubaliano na madereva wawili au watatu wanaoishi karibu, namba zao zikiwa ukutani kwa herufi kubwa, na fedha ya mafuta imetengwa mahali ambapo mlezi wa usiku anaweza kuifikia bila kumwamsha bosi kuomba ruhusa. Kwa maoni yangu, ruhusa hiyo inawaua wazee wengi kuliko ukosefu wa vifaa. Mlezi anayeogopa kukemewa kwa kukodi gari "bure" atasubiri asubuhi kila mara.

Anapopiga simu au kufika hospitali, aseme mambo manne kwa mpangilio: mgonjwa ni nani na ana magonjwa gani, nini kimebadilika na saa ngapi, vipimo vinasemaje, na amefanyiwa nini tayari. Kila mzee awe na karatasi moja ya hivyo kwenye faili, yenye dawa zake zote, dawa zinazomdhuru, na maelezo ya hali yake ya kawaida. Maneno "kwa kawaida anatembea mwenyewe na anajua siku" yanamsaidia daktari wa mapokezi kuliko unavyodhani, maana bila hayo atadhani kuchanganyikiwa kule ni kwa siku zote.

Cheti ukutani

Msimamizi akiulizwa kuhusu mafunzo, mara nyingi ataonyesha cheti cha semina. Semina ni mwanzo mzuri, na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kimefundisha huduma ya kwanza kwa miaka mingi. Kwa wahudumu wa afya wenyewe, Shirika la Afya Duniani lina kozi ya siku chache ya huduma za msingi za dharura iliyotolewa mwaka 2018, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ilikojaribiwa. Shida ni kwamba mikono husahau. Utafiti uliofanywa nchi mbalimbali unaonyesha ustadi wa kubonyeza kifua huanza kupungua ndani ya miezi mitatu hadi sita. Semina ya 2022 haimsaidii bibi wa leo.

Kinachosaidia ni zoezi fupi la mara kwa mara, robo saa kabla ya kubadilishana zamu, na mara moja moja zoezi la kushtukiza usiku: "Babu wa chumba namba tatu haitiki. Anza." Hapo ndipo mtagundua kwamba ufunguo wa kabati la vifaa uko mfukoni mwa mtu aliyelala kwake Usagara, kwamba tochi haina betri, kwamba namba ya dereva haipatikani. Hamadi ni iliyo kibindoni, na kibindo hupekuliwa kabla ya vita. Mlinzi na mpishi wafundishwe pia. Mlinzi ndiye wa pili kufika, ndiye mwenye geti, na mpishi ndiye anayeona nani hajala tangu jana.

Kwa ndugu, na kwa sisi tunaofika kwenye makazi wakati wa Pasaka na Idi tukiwa na sabuni, mchele na mashuka: tunaweza kuuliza kwa adabu nani atalala zamu usiku huo, na kama ana fedha ya gari mkononi. Na tukitaka kuleta kitu ambacho wengine hawaleti, vijiti vya kupimia sukari huisha haraka na mara nyingi hakuna bajeti yake. Muulize msimamizi kwanza mashine yao ni ya aina gani, kwa sababu vijiti vya mashine moja havisomwi na nyingine, na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa.